Kioo Hakilazwi

Kasha la kompyuta liliingia nyumbani Alhamisi asubuhi, na tangu liingie hakuna aliyekaa kitako. Mama alihamisha mito yake ya kuuza kutoka kwenye kochi kwenda mezani, kisha kutoka mezani kwenda kitandani, kwa sababu mwanawe alitaka kochi, halafu akataka meza. Baba alisimama mlangoni, akatoka nje, akarudi, akasimama palepale. Na kijana mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Maboksi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufungua maboksi mbele ya simu na kuwaambia watu kilichomo ni kizuri au kibaya, alikuwa akizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Tulia, mwanangu," mama alimwambia. "Hilo kasha halina miguu, halitakukimbia."

"Lina miguu minne, mama. Ya mpira. Ni mojawapo ya sifa zake."

"Haya. Basi wewe ndiye uliyenyimwa ya kusimamia."

Kijana hakucheka. Mwenye duka la kompyuta alikuwa amemwazima kasha lile kwa neno moja tu: lihakiki vizuri, video ikipendeza, Jumatatu uje usimame nyuma ya kaunta yangu, uwe mdomo wa duka. Kazi ya mshahara! Alikuwa amehakiki feni, kibodi na nyaya za kuazima, mpaka siku moja akahakiki boksi tupu kwa kukosa cha kuhakiki, na watu wakalipenda boksi kuliko vyote. Lakini kupendwa hakupiki chungu.

Wala haikuwa kazi moja tu iliyokuwa ikingojewa chini ya paa lile. Baba yake, fundi vioo, naye alikuwa anangoja kuitwa. Palikuwa na jengo jipya linaloinuka, madirisha yake bado matupu, na juzi mzee alikwenda kuonana na msimamizi wa ujenzi. Msimamizi alimkaribisha, akampa chai, wakazungumza. Muda wote wa mazungumzo yule bwana hakumtazama mzee usoni. Alitazama kikombe mkononi mwa mzee. Kikombe kilikuwa kinatikisika, na chai inakimbilia ukingoni kama inayotaka kushuhudia. "Tutakuita, mzee wangu," msimamizi akasema. Mzee aliporudi aliwaeleza habari zote za jengo, ghorofa kwa ghorofa, isipokuwa ya kikombe. Hiyo alimnong'oneza mkewe jikoni, na kijana akaisikia kupitia ukutani.

Sasa mzee aliingia sebuleni, akainama mbele ya kasha, mikono nyuma.

"Hili kabati ni la kutilia nini?"

"Si kabati, baba. Ni nyumba ya kompyuta. Wanaonunua ni wacheza gemu."

"Na hapa ubavuni pana dirisha."

"Ndiyo. Kioo. Ili watu waone ndani."

"Waone nini?"

"Nyaya. Feni. Taa."

Mzee alimtazama kuona kama anataniwa. "Siku zote nimeona watu wakimlipa fundi umeme azizike nyaya ukutani kama maiti. Leo wanalipa ili zionekane?"

"Dunia imegeuka, baba."

"Haijageuka. Imevua nguo."

Mama alicheka huko chumbani. Mzee, akitiwa moyo na kicheko kile, akakigonga kioo kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. "Hiki kimekomazwa kwa moto. Kwetu karakanani vya aina hii havikuingia. Vinatoka kiwandani vimeshakatwa, havitaki kisu cha mtu."

"Basi usikiguse, baba, tafadhali. Ni cha watu."

Mkono wa mzee ulirudi nyuma ya mgongo. Akarudi mlangoni. Kijana aliona, akajisikia vibaya, na kwa kuwa hakutaka kujisikia vibaya akaendelea kuzunguka.

*

Ukweli ni kwamba alihitaji mikono. Alitaka video ionyeshe ubavu ukifunguliwa, na yeye mkono mmoja ulishika simu. Alijaribu kuiegemeza simu kwenye makopo ya nyuzi za mama. Ikaanguka. Akaiegemeza tena, ikaonyesha dari. Jasho lilimtoka.

"Nani atanifungulia?" aliuliza hewani.

"Mimi nipo," baba alisema. "Au mimi ni pazia?"

Kijana alikifikiria kile kikombe. Akajilaumu kwa kukifikiria. "Haya, baba. Skrubu mbili hizi hapa nyuma. Ukishazitoa, kivute taratibu, kisha ukilaze juu ya mto. Mama! Nitupie mto mmoja!"

"Kioo hakilazwi," baba alisema.

"Baba."

"Kioo hakilazwi. Kikilala kinabebwa na tumbo lake, na tumbo la kioo halina nguvu. Kioo husimamishwa kwa ukingo wake, kikaegemezwa. Hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anajua."

Hii ndiyo ilikuwa sheria yake. Kwa sheria hiyo mafundi wenzake walimbandika jina la Mzee Simamisha, maana hakukuwa na saa asiyowapigia kelele: simamisha, simamisha! Na vioo vilivyopita mikononi mwake, vya maduka, vya nyumba za ibada, vya kabati za maharusi, vyote vilisimama, na havikuvunjika. Kijana alikua akiisikia sheria hiyo. Mto ulipofika ukirushwa kutoka chumbani aliukanyaga tu, akausukuma kando kwa mguu. Hapakuwa na nafasi ya mabishano; mwanga wa dirishani ulikuwa unahama.

"Fanya unavyojua. Ila mikono yako isizibe picha. Narekodi."

Mzee alizitoa skrubu. Alikivuta kioo, nacho kikaja chote, kipana kama sinia, cheusi kidogo, na sebule nzima ikaonekana ndani yake imesimama vizuri kuliko ilivyosimama nje. Kijana alisogea nyuma, simu juu, akaingia kwenye sauti yake ya kazi. Kila uhakiki aliufunga kwa mistari miwili ya kutunga mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyompa wafuasi, na hiyo ndiyo aliyoionea fahari kuliko nguo aliyovaa.

"Tazama kioo hiki, ni maji yaliyoganda…"

Kwa mkono wa kushoto alimpungia baba: sogea, sogea, unaziba. Weka chini, weka!

"…Kwa nyundo hakivunjiki, wala kwa teke la punda!"

Mzee alikiteremsha kioo, pembe ikitangulia, akakigusisha sakafuni, juu ya kigae.

Mlio haukuwa wa kioo kuvunjika. Ulikuwa wa gunia lililopasuka. Yale maji yaliyoganda yaliganduka yote kwa mpigo, yakamwagika, yakatawanyika chini ya kochi, chini ya meza, mpaka kizingitini, punjepunje kama mahindi ya barafu.

"Nani kamwaga mchele?" mama aliuliza.

Baba alikuwa bado ameinama, mikono miwili imeachana kwa upana uleule, imekishikilia kioo ambacho hakikuwapo tena.

"Kibovu," alisema hatimaye, taratibu. "Kioo kibovu hiki. Sema hivyo kwenye video yako. Waambie watu kimepasuka chenyewe."

"Nilikuambia ukilaze."

"Kioo kibovu! Nimesimamisha vioo kabla hujazaliwa wewe. Havipasuki kwa kusimama!"

"Kioo hakina kosa, baba! Mimi kesho namwambia nini yule bwana? Kioo hakina kosa lolote, ni mikono yako si ile…"

Alikomea hapo, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulikamatia. Mama alikuwa amefika mlangoni na ufagio. Alimtazama mwanawe kwa jicho ambalo lingemsaidia kufagia. Mzee alinyoosha mgongo, akaitazama mikono yake, huu kisha huu, akaitia mifukoni.

"Viatu," mama alisema. "Vaeni viatu, wote wawili, msije mkanitilia na damu juu ya haya."

*

Kesho yake asubuhi kijana alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia mwenye duka. Alikuwa na uongo wa aina tatu, wa kwanza ukimtupia lawama aliyebeba mzigo, wa pili paka, wa tatu kioo chenyewe. Aliusema kimoyomoyo akiwa anafungasha kasha, na pengo la ubavuni akalifunika kwa foronya. Alipoinua kichwa, baba yake alikuwa amesimama mlangoni na shati lake la kutokea.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Dukani."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Kimevunjikia mkononi mwangu. Hakiwezi kwenda kusemwa na mdomo wako."

Walitembea bila kuzungumza. Kasha lilikuwa zito, wakalishika kila mmoja upande wake, na kwa kuwa hawakusemezana hatua zao zilipishana, kasha likawa linawapiga magotini. "Bwana Maboksi!" kinyozi wa kona aliita. "Leo mnahama, au mmefiwa na friji?" Watu wakacheka. Kijana aliona shingo ya baba yake ikikakamaa.

Dukani waliambiwa wasubiri. Hapakuwa na kiti. Msichana wa kaunta alimwambia mzee, "Mzee, hapo usiguse," ingawa mikono ya mzee ilikuwa bado mifukoni. Wateja waliingia, wakahudumiwa, wakatoka. Kila mlango ulipofunguliwa, kioo chake kililia kidogo kwenye fremu, na mzee akageuka kukitazama. Kilikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa utepe.

Mwenye duka alitokea nyuma akitafuna kitu. Akaiinua foronya, akachungulia pengo.

"Kioo kiko wapi?"

Kijana alifungua mdomo. Uongo wa aina zote tatu ulimjia kwa pamoja, ukakwama mlangoni kama watu wanaokimbia moto.

"Nimekivunja mimi," baba alisema. "Lakini kilikuwa kibovu."

"Hamkukirekodi?" Mwenye duka hakumtazama mzee, alimtazama kijana. "Si ulikuwa unarekodi?"

Kijana alimpa simu. Hakuwa na kingine cha kumpa. Mwenye duka alitazama, akitafuna, akaacha kutafuna, halafu akapiga ukelele, akajikunja juu ya kaunta. "Teke la punda! Njoo, njoo uone! 'Wala kwa teke la punda,' halafu pwaa!" Msichana wa kaunta alikuja, akatazama, akajiziba mdomo. Mteja mmoja akasogeza shingo. Wakarudia. Kila mara sauti ya kijana ilijisifu palepale, na kioo kikamjibu palepale.

"Kijana, umeniletea dhahabu," mwenye duka alisema akifuta macho. "Uhakiki nani anautaka? Hii ndiyo itakayotembea. Tunaweka kicheko hapa chini, juu tunaandika kwa herufi kubwa, MZEE KAUA KIOO, na jina la duka. Kioo kisikutie homa. Nitakidai kiwandani, niseme kilifika kimepasuka. Jumatatu uje kazini."

Ilikuwa imepatikana. Kijana aliisubiri furaha ipande, haikupanda. Alimtazama baba yake.

"Niione," mzee alisema.

"Ah, mzee, usijali, ni utani tu wa…"

"Niione na mimi."

Wakampa. Aliishika simu karibu na uso, kwa mikono yote miwili, nayo ikawa inatikisika, ikabidi msichana wa kaunta amshikie. Alitazama mpaka mwisho. Hakukunja uso. "Rudisha," alisema. Akatazama tena. "Rudisha." Mara ya tatu akainua kidole.

"Hapo. Simamisha hapo."

Msichana alisimamisha. Picha ilikaa: mikono miwili ya mzee, vidole vimetanda kwenye kingo, na pembe ya kioo imebakiwa na nafasi ya ukucha kufika kwenye kigae. Ndani ya kioo ilionekana sebule, dirisha, na kijana mwenyewe, mdomo wazi, mkono wa kushoto hewani ukihimiza.

"Binti yangu, macho yako ni mazuri kuliko yangu. Tazama kabla ya hapo, kinapoteremka. Inatikisika?"

"Nini, mzee?"

"Mikono."

Msichana alirudisha nyuma, akatazama. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Hapana," alisema. "Imetulia kabisa."

"Imetulia," mzee alirudia, polepole, kama anayeonja. "Kumbe kikombe ndicho. Kikombe ni chepesi mno. Mikono hii inataka uzito." Akamgeukia mwenye duka. "Bwana, nimekudanganya. Kioo hakikuwa kibovu. Wala usiseme kilifika kimepasuka, maana hakikufika hivyo. Nimekisimamisha sawasawa, juu ya kigae, nacho si kioo cha kusimamishwa juu ya kigae. Kina sheria yake. Mimi nilikipa ya kwangu."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe ulisema kwa nyundo hakivunjiki. Ulikijaribu kwa nyundo?"

"Hapana, baba."

"Na huyo punda?"

Kijana aliona aibu, na chini ya aibu kitu kingine kikamchekesha. "Sina punda, baba."

"Basi tumekosa wawili. Iweke hiyo video."

"Watakucheka."

"Wacheke. Ila kwanza mpelekee yule bwana wa chai. Aone mikono. Na usikate mwisho, ukikata atajua kuna tulichoficha."

Mwenye duka alipiga makofi. "Mzee wa watu ana akili! Basi, kijana, nitumie sasa hivi, niweke kicheko."

"Naiweka mwenyewe," kijana alisema. "Nzima, na jina la duka nitalitaja. Lakini bila kicheko, na bila hayo maandishi."

"Bila kicheko ni msiba. Nani atazame msiba?"

"Baba yangu si feni, bwana, kwamba umtie ndani ya kasha lako umuwashie taa watu waone anavyozunguka."

Mwenye duka alimpima toka juu hadi chini, akarudi kutafuna.

"Basi liache kasha hapo. Na Jumatatu usijisumbue."

Walikuwa wamefika mlangoni mzee aliposimama, akapitisha kidole juu ya utepe wa ule ufa. "Hiki ni kioo cha kawaida," alisema bila kugeuka. "Hiki nakijua. Nitakuja kukibadilisha, kiwe badala ya kile. Tusidaiane."

*

Njiani kurudi, mikono mitupu, hatua zao zililingana.

Jioni kijana aliketi sakafuni, akaunganisha video. Aliacha kila kitu kama kilivyokuwa, punda na vyote, ila mwishoni akaongeza maneno. Alieleza jinsi ubavu wa kioo unavyofunguliwa na unavyopasuka ukigusishwa pembe juu ya kigae. Kwamba kwa tumbo ni mgumu, kwa ukingo ni yai. Na akafunga, si kwa sauti ya kazi, kwa sauti yake:

"Tazama kioo hiki, ni maji yaliyoganda,
Kilaze hakivunjiki, kwenye mto wa kitanda."

Akamtumia msimamizi wa jengo, kisha akaiweka watu waione. Simu ilianza kutetemeka mara moja. Hakuhitaji kusoma. Nyuso za kucheka zilikuwa zinamiminika kama zile punje za kioo. Aliigeuza simu kifudifudi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akaigeuza.

"Amejibu?" baba aliuliza.

"Bado."

Mzee alikwenda mlangoni. Wakapishana katikati ya sebule, mmoja akienda, mwingine akirudi.

"Kaeni!" mama alipaza sauti. "Mmenizungusha kichwa! Nyumba imekuwa feni na hamna hata upepo."

Wakakaa. Mama alileta chai. Kijana alipewa kikombe. Mzee akawekewa kopo la chuma, lile zito la kupimia mafuta, lililosuguliwa mpaka likang'aa. Mzee alilitazama, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa tayari ameshaupa mgongo upande huo na anatunga uzi kwenye sindano. Akaliinua. Chai ilitulia kama kisima.

"Baba," kijana alisema. "Lile neno la jana. La mikono."

"Lilikuwa na vina?"

"Hapana."

"Basi halihesabiki. Kunywa chai."

Simu ikatetemeka, mara moja tu, kwa mlio wa mtu na si wa umati. Kijana aliidaka. Alisoma kimya, midomo ikimcheza.

"Soma kwa sauti," mama alisema. Sindano ilikuwa imesimama hewani.

"Anasema: 'Nimecheka, nisamehe. Halafu nimetazama mikono. Mwambie mzee kazi ipo. Lakini vioo vyetu vyote ni vya aina hiyohiyo, vya moto, na sakafu imeshawekwa vigae. Muulize neno moja, nijibu leo: atakubali kuvilaza?'"

Mzee aliliweka kopo chini. Akaitazama ile sehemu ya sakafu, ambako mama alikuwa amefagia mara tatu na bado punje moja ilimeta karibu na mguu wa kochi. Aliinama, akaiokota kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. Mdomo wake ulijikunja kwa lile neno lake la siku zote. Kijana aliliona linavyopanda kooni, simamisha, simamisha, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Halikutoka.

"Mwandikie," baba alisema.

"Niandike nini?"

Mzee aliifumba ile punje kiganjani.

"Andika, vitalala."

Kijana aliandika. Na mama, bila kuambiwa, aliinuka kwenda chumbani kuchagua mito.